Pittsburgh Ndiye Nani?

Mama mwenyekiti, wazee wangu, ndugu na marafiki, asanteni kwa kunivumilia hata kabla sijaanza.

Naomba kwanza kitu kizunguke. Huu ni mpira wa besiboli. Nauanzisha hapa safu ya mbele, mpokezane taratibu hadi nyuma. Uzito wake ni gramu 145 hivi, ngozi nyeupe, mishono 108 ya uzi mwekundu maradufu. Mishono hiyo nimeihesabu mwenyewe usiku mmoja mvua ilipokatiza mechi; mara ya kwanza nilipata 107, nikaanza upya. Ushikeni, ugeuzeni, unuseni. Ila mjue ninao huu mmoja tu, niliuletewa na mtu aliyesafiri mbali, kwa hiyo asitokee wa kuutia mfukoni.

Angalieni pia mnavyoushika. Asiyeujua mpira huu huukumbatia kwa kiganja chote, kama mtu aliyepewa yai akaambiwa asilivunje. Anayeujua huweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikikatiza mshono pale unapopinda, kidole gumba chini, kiganja hakigusi. Umekaa mezani kwangu kazini miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyepita akaushika hivyo. Mwenzangu wa meza ya pili huuazima kuzuia karatasi zisipeperuke.

Waandaaji waliniambia nizungumzie kitu ninachokipenda ambacho watu wa karibu yangu hawakielewi. Nikawajibu, hapo mmenipata. Mimi ni shabiki wa besiboli katika nchi isiyo na besiboli. Na nikisema haina, sina maana kwamba kwetu ni mchezo mdogo. Mchezo mdogo una viongozi wanaogombania kiti, una mashindano ya vijana yaliyoahirishwa, una mzee mmoja anayelalamika redioni kwamba umesahauliwa. Sisi hatuna hata wa kulalamika.

Na Waswahili walishasema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo nimebishana nayo tangu mwaka 2013, na leo nitabishana nayo mbele yenu.

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba. Nilikuwa nimevunjika mguu, plasta inawasha kuliko mguu unavyouma, usingizi umegoma kabisa. Saa tisa usiku niko sebuleni nabonyeza rimoti bila kutafuta chochote. Chaneli moja ya michezo ikaniletea uwanja uliojaa watu zaidi ya 40,000, wengi wao wamevaa nyeusi. Nikadhani ni msiba. Katikati, juu ya kichuguu kidogo, amesimama mtu mmoja ameshika mpira, na uwanja mzima unaliita jina lake kwa kuliburuta, kama watoto wanavyomzomea mwenzao: Kweee-to. Kweee-to. Alikuwa Johnny Cueto, mrushaji wa Cincinnati, yuko ugenini Pittsburgh. Sasa nikaona kitu ambacho nimekirudia kukitazama pengine mara mia: mpira ukamponyoka mkononi, ukaanguka miguuni pake.

Basi. Mpira umeanguka. Ubao wa matokeo haukubadilika hata kidogo. Lakini watu wale walilipuka kana kwamba wameahidiwa kitu. Cueto akauokota, akajipanga upya, akarusha. Russell Martin akaupiga ule ule uliofuata, ukavuka uzio.

Sikuelewa nilichokiona, ila sikwenda kulala. Pittsburgh 6, Cincinnati 2. Kesho yake, mguu juu ya stuli, nikaanza kusoma kujua wale waliovaa nyeusi walikuwa wanafurahia nini. Nikakuta kwamba timu yao, Pittsburgh Pirates, ilikuwa imetoka kwenye misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, ambayo kila mmoja walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Katika michezo mikubwa ya kulipwa kule Marekani hakuna timu nyingine iliyowahi kuburuza mkia namna hiyo. Kulikuwa na watu uwanjani pale waliozaliwa, wakasoma, wakaota ndevu, hawajawahi kuiona timu yao ikicheza mechi moja yenye uzito.

Mtu mwenye busara angechagua timu yenye makombe. Mimi kipenda roho kikanichagulia. Mwaka 2014 wakafika tena kwenye mechi kama ile ya kufa na kupona. Wakafungwa 8 kwa 0. Mwaka 2015 wakafika tena; 4 kwa 0. Kisha kuanzia 2016 hadi 2025, misimu kumi, hawakukanyaga hatua hiyo kabisa. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1979. Ninawaeleza haya ili mjue kwamba hainihusu ile tuhuma ya kudandia timu inayoshinda.

Mke wangu yupo hapa leo, amekaa mahali anaponiona vizuri, kwa hiyo nitasema ukweli mtupu. Mechi nyingi za Pittsburgh huanza jioni kwao, na jioni yao kwetu ni kama saa nane usiku. Msimu una mechi 162, tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Sasa hebu fikirini mwanamke ameshtuka usingizini, anamkuta mumewe amejifunika shuka gubigubi, mwanga wa simu unachungulia pembeni, na mume anatabasamu. Usiku wa kwanza alinyamaza. Usiku wa pili akakohoa. Usiku wa tatu akavuta shuka.

"Nani huyo?"

"Ni Pittsburgh."

"Pittsburgh ndiye nani?"

Nikamwonyesha. Kwa bahati mbaya yangu, wakati huo walikuwa wanabadilisha mrushaji, na kwenye kioo hapakuwa na kitu zaidi ya wanaume wanne wamesimama juu ya kichuguu, wanazungumza huku wameziba midomo kwa glavu. Alitazama dakika mbili nzima. Akasema, "Bora angekuwa mwanamke, ningeelewa," akageukia ukutani.

Mtaniuliza wanaume wale walikuwa wanazungumza nini. Hilo ndilo swali, na jibu lake ni refu. Sheria sitawafundisha leo. Nilijaribu kwa ndugu zangu, wakaanza kunificha tarehe za mikutano ya ukoo. Nitawaomba mtazame jambo moja tu. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18 na nusu hivi. Mpira ukirushwa kwa kilomita 150 kwa saa, unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa auone, aukisie utapindia wapi, aamue, na azungushe gongo. Mpigaji bora, anayelipwa mamilioni, katika kila mara kumi hushindwa saba. Katika ligi mbili kuu za leo, wa mwisho kufikisha mara nne katika kumi kwa msimu mzima alikuwa Ted Williams wa Boston, mwaka 1941. Siku ya mwisho ya msimu ule wastani wake ulikuwa .39955, ambao kwenye vitabu ungehesabiwa .400. Angekaa kwenye benchi ajilindie heshima yake. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo, akapiga 6 kati ya 8, akamaliza na .406.

Kwa hiyo watu wanaposema, "Mbona wamesimama tu?", mimi huona kwamba wanatazama sehemu isiyo yake. Ule muda wa kusimama ndio mchezo wenyewe. Kila mmoja anajiuliza mwenzake anafikiri nini. Anayecheza bao anajua; hakuna mtu anayemwambia mcheza bao "mbona umetulia?"

Niwaambie kuhusu kofia. Mnajua ile yenye herufi N na Y zilizokumbatiana. Hakuna pembe ya dunia isiyokuwa nayo. Ni alama ya New York Yankees, timu ya besiboli, yenye ubingwa mara 27. Miezi ya mwanzo kila nilipoiona kichwani mwa mtu moyo ulinidunda: kumbe siko peke yangu! Siku moja nikamwona kijana ameivaa, yuko kwenye foleni mbele yangu. Usiku wa kuamkia siku ile Yankees walikuwa wamefungwa vibaya. Nikamgusa bega kwa furaha ya mtu aliyepata ndugu, nikamwambia, "Vipi, naona jana mmepigwa sana!"

Aligeuka ametoa macho. "Mimi? Nani kakwambia? Sijapigwa na mtu!"

Nikajaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyorudi nyuma. Tangu siku hiyo kofia ile nimeichukulia kama picha ya ndege kwenye khanga. Usimuulize aliyevaa ndege huyo anataga wapi. Ya kwangu ni nyeusi, ina herufi P ya dhahabu. Nimeulizwa kama ni P ya polisi, ya posta, ya parokia. Mzee mmoja aliniuliza kama ni ya kuegesha magari.

Jambo la maneno ndilo limenifurahisha kuliko yote, na hapa sioni haya kujisifu kidogo. Mashabiki wa soka wana urithi: kona, penalti, chenga, kanzu, wamerithi yote kutoka kwa watangazaji wa redio. Mimi sikurithi neno. Ilibidi nijichongee. Straiki, yaani mpira ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite ingawa ulikuwa wa kupigika, na boli, yaani uliorushwa pembeni mno naye akauacha, nikaziacha zilivyo, zinakaa vizuri mdomoni. Besi vilevile, vile vituo vinne anavyovizunguka mkimbiaji, cha mwisho kikiitwa nyumbani. Yule wa kwenye kichuguu nikamwita mrushaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji nikamwita mdakaji. Tabu ilikuja kwa anayetolewa. "Ametolewa" ni neno la kadi nyekundu, halina uzito. Nikaamua anakufa. Straiki tatu, umekufa. Mpira ukadakwa hewani, umekufa. Wakifa watatu, zamu inahamia upande wa pili. Na mkimbiaji anayenyatia besi ya mbele wakati mrushaji anarusha, huyo kwao Wamarekani wenyewe ni mwizi: anaiba besi. Ni wizi halali, unaandikwa kwenye takwimu zake kwa heshima. Mwaka 2004 Boston walikuwa nyuma mechi tatu kwa sifuri dhidi ya Yankees, zimebaki pumzi za mwisho za mechi ya nne; Dave Roberts akaingizwa kwa kazi moja tu, kuiba. Kila mtu uwanjani alijua ataiba. Akaiba. Boston wakashinda mechi ile, wakashinda tatu zilizofuata, wakachukua ubingwa ambao hawakuwa wameuona tangu 1918.

Mke wangu, pamoja na ule usiku wa kugeukia ukutani, alikuja kuyashika maneno haya kuliko mimi. Jumapili huchezwa mchana kwao, ambao kwetu ni mapema usiku, na akawa anatazama akiwa na kazi zake za mkono. Kuna Jumapili nilikuwa ndani ya basi, bando limekata, nikampigia. Basi zima likasikia upande wangu wa mazungumzo:

"Wamekufa wangapi? ... Wawili! Na yule aliyeiba? ... Wamemuua? Akiwa anakaribia nyumbani? ... Lo! Sasa amebaki nani?"

Abiria wa kiti cha pembeni aliniwekea mkono begani. "Pole sana, ndugu yangu. Ni wa familia?"

Nikajibu ndiyo. Ningejibu nini?

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu na methali. Watu wa karibu yangu wamenishambulia kwa hoja moja, na siyo ya kijinga: unawezaje kusema unaupenda mchezo ambao hujawahi kukaa uwanjani ukauona, hujawahi kuucheza, na huna wa kuuzungumza naye? Huo si upenzi, ni uvumi. Iliniuma kwa muda, mpaka nilipofika kwa Henry Chadwick.

Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, nchi ambayo nayo haikuwa na besiboli ya namna hii. Alihamia Marekani akiwa mtoto, akaja kuwa mwandishi wa magazeti, akiripoti kriketi. Katika miaka ya 1850 akauona mchezo huu mwingine, ukamteka. Naye alikuwa na tatizo la kikazi: amwelezeje aliyesoma gazeti asubuhi, ambaye hakuwepo uwanjani, nini hasa kilitokea? Yeye ndiye anayesifiwa kwa jedwali dogo, mstari kwa kila mchezaji, safu kwa kila tendo, ambalo mtu akilisoma anaijenga mechi nzima kichwani. Pia ndiye aliyeleta herufi K kwa mpigaji aliyekufa kwa straiki tatu, akiitoa mwishoni mwa neno la Kiingereza *struck*, maana S alishaitumia kwingine. Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, K ni ile ile.

Mnaona alichofanya? Alitengeneza kitu kizima kwa ajili ya asiyekuwepo. Viwanja vilikuwa vichache na watu walikuwa mbali, na mchezo huu ulipendwa kwanza na wengi kwenye karatasi kabla hawajauona kwa macho. Mimi na simu yangu chini ya shuka siyo shabiki wa bandia aliyezuka na intaneti. Mimi ni shabiki wa aina ya zamani kuliko zote.

Nilipolielewa hilo nikanunua daftari na penseli. Kila mechi ninayoiangalia naiandika. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule anayesimama kati ya ya pili na ya tatu ni 6, na wale watatu wa nyuma ni 7, 8, 9. Kwa kila mpigaji kuna kisanduku chenye umbo la almasi. Akipiga mpira wa chini ukaenda kwa 6, akampa 4, naye akatupa kwa 3, wamekufa wawili kwa pigo moja, naandika 6-4-3. Ni tarakimu tatu, lakini mimi nikizisoma leo nasikia mpira ukitua kwenye glavu mara tatu. Mpigaji akifa kwa kuzungusha gongo hewani, K. Akifa amesimama anautazama mpira unapita, K iliyogeuzwa, imetazama nyuma. Sijui kama kuna mchezo mwingine wenye alama maalumu ya mtu aliyeshindwa kuamua. Nina madaftari kumi na moja. Mke wangu anasema nikifa atawaachia watoto wahangaike nayo.

Na kuna babu yangu mwingine katika ukoo huu, msicheke: Ronald Reagan. Kabla ya sinema na kabla ya urais, miaka ya 1930, alikuwa mtangazaji wa redio WHO kule Des Moines, Iowa. Alitangaza mechi za Chicago Cubs bila kuwepo Chicago. Mwendesha telegrafu alimpenyezea kikaratasi chenye maneno mawili matatu, yeye akaongeza vumbi, jua, mpigaji anajipangusa jasho, mashabiki wanagombania mpira. Siku moja, kwa masimulizi yake mwenyewe, waya ulikatika mechi ikiwa imenoga. Hana habari, na hewani kuna wasikilizaji. Akamfanya mpigaji agonge mpira ukatoka nje ya mistari. Na mwingine. Na mwingine. Kwa dakika kadhaa. Alichagua hilo kwa akili: ukishakuwa na straiki mbili, mipira ya kutoka nje hivyo unaweza kuigonga hata ishirini na mchezo usisogee, na hakuna jedwali la gazeti litakalokuumbua kesho.

Mimi pia mtandao hukatika. Usiku ambao bando halibebi picha nafuata kwa vidoti: kijani ni boli, chekundu ni straiki, bluu mpira umepigwa. Kidoti cha bluu kikijitokeza halafu skrini ikaganda, niko katika hali ya Reagan. Umepigwa, lakini umekwenda wapi? Nimewahi kukaa dakika nne na kidoti cha bluu. Nilishamfanyia mpira ule kila kitu: umevuka uzio, umedakwa ukutani, umepotea kwenye taa. Mtandao uliporudi ulikuwa umedakwa na namba 8 bila jasho.

Ipo faida moja ya kuishi kwetu huku, na haki ya Mungu sijawahi kusikia shabiki wa soka anayeipata: hakuna atakayekuharibia utamu. Shabiki wa soka akikosa mechi, lazima azime simu, azibe masikio, apite njia za panya, na bado jirani atapiga kelele ukutani. Mimi naweza kulala, nikaamka, nikaenda kazini, nikahudhuria harusi, nikarudi siku ya tatu nikaitazama mechi ile ikiwa mbichi kabisa. Nchi nzima inanitunzia siri.

Ila siri hiyo hiyo ndiyo mzigo. Sitalizungusha. Huzuni ya kufungwa unaweza kuibeba peke yako. Kila mtu ana mazoezi ya hilo. Furaha ndiyo haibebeki.

Aprili 2017. Jumatatu tarehe 24, Pittsburgh walimpandisha kichuguuni Dovydas Neverauskas, kijana aliyezaliwa na kulelewa Lithuania. Hakuna aliyewahi kutoka kule akafika ligi kuu. Baba yake alikuwa kocha wa besiboli huko, katika nchi ambayo nadhani walimwuliza maswali yale yale ninayoulizwa mimi. Timu ilifungwa siku hiyo na sikujali. Siku mbili baadaye, Jumatano tarehe 26, timu hiyo hiyo, uwanja huo huo, wakamwingiza Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye jengo la klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza ligi kuu. Mrushaji aliyemkabili ni Jon Lester wa Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia, mtu ambaye wapigaji wazoefu walimwogopa. Mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo katika ligi kuu, Ngoepe akapiga mpira ukapita katikati ya uwanja, akafika salama besi ya kwanza.

Kwetu ilikuwa kama saa tisa usiku. Nyumba imelala. Niliuma mto. Nasema kweli, niliuma mto mpaka foronya ikachanika, huku mguu unapiga godoro. Nikatoka nje nikasimama gizani. Nilitaka mtu apite. Mlinzi, mlevi, yeyote yule, nimwambie: umeona? Umeona alivyofanya? Mbwa mmoja alinitazama, akaendelea na safari yake.

Nikarudi ndani, nikaandika kwenye daftari mstari mmoja mfupi kutoka nyumbani hadi besi ya kwanza. Mkono ulikuwa unatetemeka, mstari umepinda. Sijaufuta.

Wamarekani wenyewe walionja maisha haya mara moja. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga viwanja vyao, ligi ya Korea Kusini ilianza tarehe 5 Mei, viti vitupu, na televisheni ya Marekani ikazionyesha mechi zile moja kwa moja. Kwa saa zao, zilikuwa usiku wa manane na alfajiri. Ghafla watu waliozaliwa kandokando ya viwanja wakawa wanaamka gizani, wanahangaika na majina wasiyoweza kuyatamka, wanachagua timu kwa sababu ya rangi ya jezi, wanaulizana mtandaoni nani ni nani. Niliwasoma kwa upendo wa kaka mkubwa. Nilitaka kuwaambia wapunguze mwanga wa simu na wavute shuka vizuri upande wa mke.

Mama mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Mpira wangu umefika wapi? Naona umeshapita katikati. Umefika nyuma kabisa. Yule kijana ameukumbatia kama yai, sawa, mpe jirani yako. Huyo naye kama yai. Mpe mama aliye mwisho wa safu, yule mwenye miwani.

Ngojeni kidogo.

Mama, usiuachie. Naomba uinue mkono, watu wauone. Vidole viwili, vimekatiza mshono pale unapopinda. Gumba chini. Kiganja hakigusi.

Mama mwenyekiti, saa yangu imekwisha, najua, naomba radhi, lakini mimi sitaki maswali tena kutoka kwa mtu mwingine. Niliyekuwa namtafuta gizani na mbwa yuko pale mwisho wa safu.

Shikamoo, mama. Wewe ni wa timu gani?